Mikasi Sita, Vyerehani Saba

6 Februari

Mwanangu Karani,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia kabla hujafungua bahasha. Mimi sijambo, ila goti la kulia, lile la kukanyagia pedeli, limeanza kunidai haki zake. Binamu yako amejifungua salama, mtoto wa kike, kichwa kikubwa kama cha babu yake, na tumekubaliana wote tusilitaje hilo mbele ya mama mtu. Bati la jikoni linavuja palepale. Usiniambie nimwite fundi. Nilimwita, akaja, akatazama juu, akanywa chai, akaenda zake.

Nakuandikia barua kwa sababu simu yangu unaijua. Nikiipokea hapa karakanani, wanawake watano wanaipokea pamoja nami, na hili sitaki walisikie lote.

Wiki ya pili ya Januari alikuja mkadiriaji wa kodi. Wewe umekulia humu, unajua Januari ilivyo: shule zinafunguliwa, kila mzazi anataka sare iwe tayari tangu jana, vyerehani vyote saba vinalia kwa pamoja, na anayesubiri sketi amekaa juu ya robota la kitambaa. Alikuwa kijana mpole, ila ukosi wa shati lake ulishonwa na mtu mwenye haraka. Akasimama mlangoni akahesabu kwa kidole. Saba. Akaandika. Nikamwambia karibu ukae nikueleze, akasema hana haja, anao mwongozo. Mwezi ulipogeuka ikaja karatasi. Mapato yangu yamekadiriwa kwa vyerehani saba, mwaka mzima, kana kwamba kuna Januari kumi na mbili. Kodi yenyewe siiandiki hapa, nisije nikakutia hofu bure. Nikiilipa hiyo, sina pesa ya kununua uzi.

Sasa nakuuliza mambo mawili. Kwanza, wewe uko makao makuu ya idara hiyohiyo. Si kuna mtu unayemjua, hata kwa salamu tu? Pili, ni nani huyo aliyekaa kitini akawaza kwamba utajiri wa fundi unahesabiwa kwa vyerehani? Ningependa kumwona uso.

Msalimie mkeo na mtoto.

Shangazi yako.


4 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia habari za binamu, na hilo la kichwa nitajifanya sikulisoma. Sisi huku hatujambo. Mtoto ameota meno mawili na anayajaribu kwenye kila kitu, pamoja na bega langu. Lifti ya ofisini imeharibika wiki ya tatu sasa, na mimi niko orofa ya sita, kwa hiyo nafika kazini nikiwa sina pumzi ya kumsalimia mtu.

Jambo lako nimelisoma kwa uzito wake, ila simu siwezi kupiga. Usinione mkavu. Nikipiga mimi leo, kesho kila mtu humu ndani mwenye shangazi atapiga. Nitakuwa nimekutoa wewe kwenye foleni na kuwaacha wengine juani, na hiyo ndiyo dhuluma niliyoajiriwa kuizuia.

Niruhusu nikueleze tunavyofikiri huku. Mfagiaji wa orofa yetu, mama mmoja wa makamo, anakatwa kodi yake kabla hajauona mshahara. Hana pa kujificha. Mwanasheria wa jengo la mbele anapata mara ishirini ya anachopata yule mama, lakini anatuandikia anachotaka yeye. Kila anachoficha mmoja, kinabebwa na asiyeweza kuficha. Ndiyo maana asiye na vitabu vya hesabu hukadiriwa kwa kinachoonekana. Haki ya kwanza ni kwamba wenye kipato sawa walipe sawa, awe wa mshahara au wa cherehani.

Haki ya pili ni mwenye zaidi kutoa zaidi. Hapo watu wanaelewa vibaya. Wanadhani ukipanda kidogo tu, kodi kubwa inafagia vyote. Sivyo. Kipato hugawanywa mafungu. Fungu la kwanza, la kula na kulala, haliguswi, liwe la mfagiaji au la mkurugenzi. Linalofuata hukatwa kidogo, na la juu kabisa hukatwa zaidi, lakini hilo la juu peke yake.

Na haki ya tatu ni kwamba anayelipa ajue amekadiriwaje na awe na pa kusemea. Unayo nafasi hiyo, shangazi. Andika pingamizi, lipeleke kwenye ofisi ya huko kabla ya tarehe thelathini Juni. Watakuita uwaeleze. Ikipita tarehe hiyo, makadirio yanasimama yalivyo.

Pole na goti.

Mwanao, Karani.


30 Machi

Mwanangu Karani,

Marahaba, na pole na ngazi. Nimemsimulia binamu yako habari za lifti, akasema ndiyo maana kodi haishuki, nayo imekwama juu. Huyo ndiye ndugu yako, mimi simo.

Barua yako niliisoma mara mbili, ya pili nikiwa na miwani. Imeandikwa vizuri. Umenieleza haki tatu ambazo sikuziuliza, na swali langu la pili hukuligusa hata kwa ncha ya kalamu. Wewe tangu utoto ukinyamaza, mahali fulani kuna kikombe kimevunjika.

Haya, nami nikufundishe kidogo. Humu karakanani cherehani ni kiti tu. Anayekula ni mwenye mkasi. Aliyempima mteja na kukata kitambaa kwa mkasi wake, ndiye mwenye kazi, ndiye mwenye pesa, na nguo ikibana kwapa lawama ni yake. Mkasi hauazimwi, hata kama wako umeanguka chini na ncha imepinda. Humu mna mikasi sita: wangu na ya wale watano. Cherehani cha saba ni cha kuzungushia kingo, tunakitumia wote kwa zamu. Kwa hiyo hapa hapana fundi mmoja mkubwa. Kuna wanawake sita, na hilo fungu lako la kula na kulala, wale watano hakuna hata mmoja aliyewahi kulijaza mpaka juu. Kijana wenu amechukua vipato sita vidogo, akaviunga kuwa kimoja kikubwa, akanivika mimi. Kinanipwaya.

Utaniuliza wananilipa nini. Hawanilipi kitu. Wanakaa tu.

Na mwenye nyumba wetu ana vyumba kumi na viwili vya kupangisha, na sindano hana. Mkadiriaji alimkuta barazani, akamwamkia kwa adabu, akapita. Yeye anahesabiwa nini, ndevu?

Usidhani sitaki kulipa. Goti hili linatibiwa hospitali ya serikali, na barabara inayowaleta wateja haikuota yenyewe. Yule mfagiaji wako pia amenikaa moyoni, sikufichi. Nikiwa nazungusha gurudumu namfikiria, na sipendi kumfikiria.

Lakini nikishindwa, njia ni moja: kubaki na cherehani kimoja na kuwaambia wenzangu watafute pengine. Marinda ana watoto wanne na hana pengine. Mama Vifungo, ambaye ameketi dirishani pale tangu hujaanza shule, ameshaanza kubeba vitu vyake kidogo kidogo, leo kopo la vifungo, juzi mto wa kukalia. Anadhani sioni. Hilo linaniuma kuliko kodi.

Kwa hiyo nakuuliza tena. Aliyewaza hivyo ni nani?

Shangazi yako.


27 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Najua nimechelewa karibu miezi miwili. Ningeweza kusema mtoto aliugua, na kweli aliugua, lakini alipona kwa siku tatu. Mke wangu hajambo. Lifti imetengenezwa. Habari zimekwisha, sina pa kujificha tena.

Aliyewaza ni mimi.

Miaka mitatu iliyopita tuliketi watu wanane kuandika mwongozo wa kuwakadiria mafundi wasio na vitabu. Useremala ulitushinda asubuhi nzima. Tulipofika kwa mafundi wa nguo, mkuu akauliza kama kuna anayeijua kazi hiyo. Wote wamevaa suti, hakuna aliyewahi kutunga uzi kwenye sindano. Nikanyoosha mkono. Nikasema hesabuni vyerehani.

Nilisema kwa majivuno, shangazi, na hilo ndilo linaloniumiza. Shuleni wenzangu walipojisifu baba ana gari, mimi nilisema shangazi yangu ana vyerehani saba. Niliamini vyote ni vyako na kila kinachotoka humo ni chako. Mikasi niliiona kila siku, imetundikwa kwenye misumari sita nyuma ya meza ya kukatia, nami nikifanya mazoezi yangu ya hesabu chini yake. Sikuwahi kuuliza kila mmoja ni wa nani. Mkuu akasema vizuri, tuna mtu anayejua. Ikaandikwa ukurasa wa tisa, na mwaka uliofuata nikapandishwa cheo.

Nilikwambia haki ni kila mtu kukadiriwa kwa kinachoonekana. Sikujiuliza kinaonekana na nani, na amesimama wapi. Kijana yule alisimama mlangoni kwa sababu nilimwandikia asimame mlangoni.

Nimeandika pendekezo la kuubadili ukurasa huo, uhesabiwe mtu na kazi yake, na msimu wake, badala ya chombo. Liko mezani kwa mkuu tangu Aprili, chini ya kikombe chake cha kalamu. Huenda likasomwa mwakani. Tarehe thelathini haitangoji.

Kwa hiyo nayameza niliyokuandikia Machi. Mkuu wa ofisi ya huko tulisoma pamoja. Nipe ruhusa nimpigie, ni dakika mbili tu. Nimekukosea kwa mkono wangu, niache nikutoe kwa mkono wangu.

Kuna jambo jingine, sikuulizi, nalisema tu. Nimekaa nikahesabu. Sare za mkasi mmoja haziwezi kutoa ada yangu ya miaka yote ile.

Naomba radhi.

Karani.


22 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Sijapata jibu. Simu yako inapokelewa na Mama Vifungo, anasema umetoka, nami nasikia cherehani chako kikilia nyuma yake. Nakijua kilivyo, kina mguno wake.

Zimebaki siku nane. Bila ruhusa yako sitapiga. Nitukane tu, lakini niandikie.

Karani.


14 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Nilikuwepo. Mama Vifungo hajui kusema uongo, nilimwandikia kwenye karatasi akawa anasoma.

Nilikasirika, Karani. Sikukasirikia kosa, kila fundi ameshawahi kukata kitambaa cha watu upande usio wake. Nilikasirika kwamba Machi ulinifundisha haki kurasa mbili na hukuniambia kwamba mkono ulioandika mwongozo ndio huohuo. Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema, na mimi nguo hizo nilizishona mwenyewe. Siku kumi sikutaka kusikia jina lako. Siku ya kumi na moja nikamsikia Marinda anamwambia mwenzake kwamba usiku wa jana yake hakula ili watoto wale, kwa kuogopa kwamba karakana inafungwa. Nikaona hasira yangu ni anasa. Nikaketi nikaandika pingamizi, nikalipeleka kabla tarehe haijapita.

Walituita tarehe mbili Julai. Nilikwenda na wote watano, kila mmoja na mkasi wake ndani ya kitambaa. Askari wa mlangoni alitaka kutunyang'anya, akasema hizi ni silaha. Mama Vifungo akamwambia akubali kwanza kushonewa kifungo cha tumboni kilichokuwa kinaning'inia, ndipo ataelewa ni ya nini. Akashonewa amesimama, tukapita.

Mkuu wa ofisi alikuwa na yule kijana wa ukosi. Nikamwaga mikasi sita mezani, nikaichanganya, nikawaambia wenzangu wageuke ukutani, kisha mmoja mmoja aje achukue wake kwa kupapasa, macho yamefumbwa. Kila mmoja alichukua wake. Mpini wa Marinda umefungwa kitambaa cha buluu, wa Mama Vifungo umelika upande wa kidole gumba. Nikawaeleza nilivyokueleza wewe. Kijana alinisikiliza, akasema polepole kwamba hakujua, mwongozo ulisema vyerehani. Nikamwambia najua ulisema nini.

Ndipo mkuu akauliza swali ambalo hata wewe uliogopa kuliuliza. Akasema, "Na wao wanakulipa nini kwa kukalia vyerehani vyako?"

Wote watano wakatazama chini. Tulikuwa tumekubaliana tuseme hakuna. Nami nilishakuandikia wewe hivyohivyo, nawe ukahesabu, na hesabu yako haikukosea. Wananipa pesa ya kiti, kila Jumamosi, miaka yote hiyo, na haijawahi kuandikwa popote. Ndiyo iliyokusomesha. Kila kitabu ulichobeba kililipiwa na wanawake wale, na serikali haikupata hata senti yake. Nilikuwa najiambia si kipato, ni shukrani. Lakini nikiwa pale nikamfikiria yule mfagiaji wako, anayekatwa kabla hajaona. Nikaona siwezi kudai nipimwe kwa haki huku kipande nimekikunja kiganjani. Nikasema. Mama Vifungo alinikanyaga mguu, ule wa goti.

Mkuu akasema hakuna aliyewahi kumwambia jambo hilo bila kushikwa kwanza. Hakunisamehe, na sikutaka anisamehe. Wale watano wameandikishwa kila mtu kivyake, wote wako chini ya fungu la kwanza, hawadaiwi kitu. Mimi nimekadiriwa kwa mkasi wangu na pesa ya kiti, na ya miaka mitatu ya nyuma pia. Kile cha kuzungushia kingo nimekiuza kulipia hiyo ya nyuma. Sasa kingo tunazishona kwa mkono, na wateja wanalalamika. Marinda yupo. Mama Vifungo amerudisha mto wake dirishani, na kopo lake la vifungo.

Sasa lile la simu. Umeona sikukupa ruhusa. Machi ulikataa ukanielimisha, Mei ukaitoa mwenyewe kwa sababu moyo ulikuwa unakuuma, na yule wa Machi ndiye aliyekuwa mwanangu ninayemjua. Simu yako ingeniokoa mimi. Mtaa huu una karakana nne za kushona, na nyingine tatu hazina mtu orofa ya sita. Kama mlango unafunguka kwa kubisha tu, nataka tuuone unafunguka kwa kubisha. Wiki hii mafundi wa hizo tatu, ambao nao waliwahi tarehe, wamekwenda na mikasi yao, wamesikilizwa. Wewe lisukume lile pendekezo lako litoke chini ya kikombe, wengine wasilazimike kubeba mikasi mpaka mezani.

Mwisho kabisa, tukiwa tunasimama, mkuu akasema limebaki swali moja la kwenye fomu, ni utaratibu tu. Akaniuliza kama nina ndugu yeyote anayefanya kazi idara ya kodi.

Wenzangu wote wanakujua. Mama Vifungo amekuogesha. Nikafikiri kwamba nikisema ndiyo, siku yoyote mtu anaweza kufungua faili lile akasema wale wanawake walipendelewa, na kila walichokisema kwa vinywa vyao kitaonekana kimetoka kwako.

Nikamwambia sina. Nilisema kwa sauti, ili asinirudishie swali. Kisha nikamtazama akiandika, na mwanangu, sijawahi kuona neno fupi linachukua muda mrefu hivyo kuandikwa.

Ni mimi, shangazi yako.